RAMADHANI SIKU YA 12: MLANGO USIOJUA KUKATAA



Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, na nyie wenzetu mnaotusoma mkiwa Tanga, Dar na kwingineko, Allah atukubalie saumu zetu. Jana baada ya tarawehe nimekuta maswali matatu kwenye simu. La kwanza la mama mmoja: mwanawe wa miaka miwili anaharisha tangu asubuhi, na bibi wa mtoto amesema asipewe maji mpaka tumbo litulie. La pili la mzee wetu mwenye kisukari. Anajidunga insulini, daktari kamkataza kufunga, naye anaona haya wajukuu wafunge yeye ale mchana. La tatu la kijana wa bodaboda: akishafuturu tu mwili unakufa, analala hapo hapo mkekani, tarawehe anaisikia kwenye spika. Anauliza, "Shekhe, ni shetani?"

Yule mama nilimjibu usiku ule ule, jambo la mtoto halisubiri darsa la kesho. Hawa wawili niliwaambia wasubiri, kwa sababu nilipoyaweka maswali yote matatu pamoja niliona yanakwenda sehemu moja ya mwili. Sehemu ambayo wengi wetu hatujawahi kuifikiria, japo tunaishi kwayo kila siku. Nao ni utumbo mwembamba, na namna unavyoichukua sukari na kuitia kwenye damu.

Na wewe kijana, mashetani mwezi huu wamefungwa minyororo, ndivyo tulivyofundishwa na Mtume wetu (S.A.W.). Kwa hiyo tuanze kwanza kuikagua sahani.

Twende na tende. Adhana ya Magharibi imelia, umetia tende mdomoni, umeitafuna, umemeza na funda la maji. Inashuka tumboni, inavurugwa, halafu inaachiliwa kidogo kidogo kuingia kwenye utumbo mwembamba. Utumbo huu kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, umekunjwa na kupangwa ndani ya tumbo lako pale unapofungia mkanda. Unaitwa mwembamba kwa upana wake, si kwa kazi yake. Ndani si laini kama bomba la plastiki. Umejaa vijidole vidogo sana, kama nyuzi za taulo, na kila kijidole kimefunikwa na seli ambazo nazo juu yake zina vijinyuzi vidogo zaidi visivyoonekana kwa jicho. Wataalamu waliopima wanasema ungeutandaza ukuta wote huo ungepata karibu mita za mraba 30. Walimu wenzangu wataelewa: ni kama nusu ya chumba cha darasa, imekunjwa ikaingia tumboni mwa mtu mmoja. Subhanallah.

Sasa, sukari haipiti kwenye ukuta huo ikiwa kubwa. Ugali, muhogo, magimbi, ndizi, tambi, vyote vina wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana mikono. Lazima ukatwe. Mate yanaanza kukata (ndiyo maana ukitafuna muhogo mkavu muda mrefu unaanza kuwa mtamu mdomoni), kisha majimaji ya kongosho yanaendelea, na mkato wa mwisho unafanyika pale pale juu ya ukuta wa utumbo, mlangoni kabisa. Sukari ya dukani nayo ni pacha, glukosi na fruktosi zimeshikana, inakatwa hapo. Sukari ya maziwa ni glukosi na galaktosi, inakatwa hapo. Tende je? Tende iliyoiva sukari yake kwa sehemu kubwa imeshakatwa tangu juu ya mtende. Ikifika mlangoni haina la kusubiri. Hapo ndipo unapoona hekima ya sunna. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, asipozipata basi tende kavu, na asipopata hata hizo basi mafunda ya maji. Anafuturu kwanza, halafu anaswali.

Na mlango wenyewe ukoje? Hapa naomba msome polepole.

Glukosi haiingii peke yake. Juu ya kila seli kuna vilango vidogo, na kilango hicho hakizunguki mpaka abiria wake watimie: glukosi moja pamoja na sodiamu mbili. Sodiamu ni ile iliyomo kwenye chumvi. Ni kama Hiace pale Segera, dereva haondoki mpaka viti vijae, hata ungemlilia. Chumvi ikiwepo bila glukosi, kilango kinasubiri. Glukosi ikiwepo bila chumvi, kinasubiri. Wakikutana, kinageuka, wote watatu wanaingizwa ndani, na maji yanawafuata nyuma.

Mtu atauliza, nguvu ya kukisukuma kilango inatoka wapi? Watu wa Handeni mtanielewa haraka kuliko wote. Maji tunayoyaita ya HTM yanatoka mto Pangani huko Korogwe bondeni. Hayapandi Handeni yenyewe, yanasukumwa na pampu, na pampu ikizima ndoo zinapanga foleni siku hiyo hiyo. Seli ya utumbo nayo ina pampu upande wa nyuma. Kazi yake ni kuitoa sodiamu nje usiku na mchana, na kwa kuwa ndani ya seli sodiamu inakuwa chache, ile iliyoko utumboni inavutika kuingia, na ikiingia inamshika glukosi mkono. Pampu hiyo haijawahi kupigiwa simu na mtu ije ifanyiwe matengenezo. Ilikuwa inafanya kazi ulipokuwa umelala baada ya daku, na inafanya kazi sasa hivi unaposoma.

Ikishapita kwenye seli, sukari inatokea mlango wa nyuma, inaingia kwenye mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya kila kijidole, mishipa inaungana, na damu yote hiyo inapelekwa kwanza kwenye ini. Si kwenye moyo, si kwenye ubongo. Ini ndilo ghala. Linachukua fungu lake na kuliweka akiba, kinachobaki kinaachiwa kiende mwilini. Kongosho nalo linatoa insulini, inayoziamuru nyama za mwili zipokee sukari. Na mchana kutwa ulipofunga, ni ini hilo hilo lililokuwa linatoa akiba kidogo kidogo ili ubongo wako usikose. Unasema, "Leo sijala kitu tangu alfajiri." Umekula. Umelishwa kutoka ghala ambalo hukulijaza kwa kukusudia.

Sasa nikwambieni hesabu moja iliyonishtua nilipoisoma mara ya kwanza. Mtu mzima mwenye afya, anapokuwa na njaa, sukari yote iliyomo ndani ya damu yake, kuanzia utosini mpaka kwenye unyayo, ni kama gramu 4 tu. Kijiko kimoja kidogo cha chai. Hicho ndicho kipimo ambacho mwili unahangaika kukilinda saa 24.

Rudi kwenye mkeka wa futari. Tende ndogo tatu zina sukari kama gramu 15. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 35. Hapo hatujagusa kaimati zilizolowa shira, tambi za sukari, chai yenye vijiko vitatu, na juisi ya maembe iliyoongezwa sukari kana kwamba embe halikujaliwa utamu na Mola wake. Jumlisha mwenyewe. Na yale yote yanafika kwenye mlango ambao, kwa upande wa glukosi, haujui kukataa. Huu ndio msingi wa darsa la leo. Utumbo haukuulizi, "Hii ya leo imetosha, tuirudishe?" Utachukua karibu yote utakayoupa. (Fruktosi ina mlango wake mwingine, mwembamba zaidi, ndiyo maana maembe mengi humvimbisha mtu tumbo na kumpa gesi. Lakini glukosi inapita.) Kazi ya kusema basi haikuwekwa utumboni. Imewekwa mkononi, pale kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Sura Al-A'raf, aya ya 31, inaturuhusu kula na kunywa na inatukataza israfu, vyote ndani ya aya moja. Na katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.), aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) anatueleza kuwa matonge machache yanayousimamisha mgongo yanamtosha mwanadamu, na ikiwa hapana budi basi theluthi chakula, theluthi kinywaji, theluthi pumzi. Sisi mwezi wa kufunga ndio tunaoongeza bajeti ya sukari. Ukitaka kuamini nenda sokoni Manundu au Chanika wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

Kwa hiyo kijana wangu wa bodaboda. Sukari ikimwagika kwenye damu kwa mkupuo, insulini nayo inatoka kwa wingi, na watu wengi hapo husikia uzito na usingizi. Sisemi ni sukari peke yake. Umeshinda juani, maji mwilini yamepungua, usingizi wa usiku umeukata kwa ajili ya daku. Lakini jaribu hivi siku tatu: tende zako na maji, kisha inuka ukaswali Magharibi jamaa. Swala na adhkari zake ni kama robo saa, na katika muda huo sukari ya tende imeanza kuingia kwenye damu. Ukirudi mkekani njaa ya kukaba koo imetulia, macho yanaona vizuri, unakula kama mtu. Anza na maharage, mboga, samaki kama wapo, muhogo kiasi. Soda iache. Ukiona bado unaanguka, na una kiu isiyokwisha na unakojoa mara kwa mara, usije kwangu, nenda kituo cha afya ukapimwe sukari.

Nije kwenye swali la mama, maana hapa ndipo pana jambo kubwa kuliko yote.

Mtoto anapoharisha, wazee wetu wengi huona akili iko hivi: maji yanatoka chini, basi tusimtie mengine juu, tutakuwa tunamjazia. Ni fikra ya mtu anayemwonea huruma mjukuu wake, wala bibi asilaumiwe. Lakini inaua. Mtoto haharishi kwa sababu ana maji mengi. Anayapoteza, na chumvi yake pia, na mwili wake mdogo hauna akiba.

Na ukimpa maji matupu peke yake? Ni afadhali kuliko kumnyima, lakini hayatoshi. Kumbukeni Hiace yetu.

Ugonjwa mbaya kuliko yote wa kuharisha ni kipindupindu. Tanzania tumekijua tangu miaka ya 1970, na wengi wenu mnakumbuka mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukasambaa karibu mikoa yote ya bara na kufika Zanzibar. Sumu ya kipindupindu inaingia kwenye seli za utumbo na kuzifanya zimwage chumvi na maji kama bomba lililopasuka. Mtu anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja na kufa kabla jua halijazama. Kwa miaka mingi madaktari walidhani utumbo wa mgonjwa huyo umeharibika kabisa, haufai kupewa kitu, tiba ni dripu tu. Na dripu vijijini ilikuwa wapi?

Mwaka 1960, katika mkutano mmoja mjini Prague, mwanasayansi wa Marekani aitwaye Robert Crane alieleza habari ya mlango huu, kwamba glukosi na sodiamu huingia pamoja. Ilionekana ni elimu ya maabara. Lakini waliokuwa wanahangaika na kipindupindu huko Dhaka na Kolkata waligundua jambo la ajabu: sumu ile inavunja mengi, lakini mlango wa sukari na chumvi haiufungi. Unabaki wazi. Mgonjwa anamwaga maji huku, na mlango uko tayari kumwingizia kule, unasubiri tu aletewe abiria wanaotimia.

Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kililipuka, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakafanya lililowezekana: walipima chumvi na sukari, wakafunga kwenye pakiti, wakachanganya na maji ya kunywa, wakawafundisha ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka mpaka chini ya 4. Kwa chumvi na sukari iliyopimwa na mkono wa ndugu anayenywesha. Pakiti za ORS unazopewa zahanati leo, zile za chumvichumvi, ndizo hizo.

Ndugu, mimi si katika watu wanaopenda kusema kila ugunduzi wa wazungu na Wahindi ulikuwa tayari kwenye kitabu chetu. Tabia hiyo inatufanya tujisifu kwa kazi tusiyoifanya. Lakini Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia, na Bukhari na Muslim wameipokea, kuwa mtu alimjia Mtume (S.A.W.) akilalamika tumbo la ndugu yake, naye akamwamuru ampe asali, akarudi akisema haijasaidia, akaamriwa aendelee kumpa, mpaka akapona. Ninachokichukua hapo ni kwamba mgonjwa wa tumbo hakunyimwa, na aliyemhudumia hakuambiwa akate tamaa mara ya kwanza. (Asali yenyewe mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asipewe, ina hatari kwake.)

Nilichomwandikia yule mama ni hiki. Mpe maji ya ORS sasa hivi. Soma pakiti uone ni ya lita moja au ya nusu lita, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, ukishachanganya yasizidi saa 24. Mtoto aliye chini ya miaka miwili, kila akiharisha mpe mililita 50 mpaka 100, yaani robo mpaka nusu ya kikombe kidogo. Kuanzia miaka miwili, mililita 100 mpaka 200. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena polepole kwa kijiko. Ziwa kama bado ananyonya lisikatwe, na chakula asinyimwe. Zahanati watakupa na vidonge vya zinki, umpe mpaka siku walizokwambia ziishe hata kama tumbo limeshafunga. Na ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, usisubiri mapambazuko. Bodaboda ni hao kijiweni, na kumkimbiza mgonjwa ni ibada.

Pakiti ikikosekana usiku huo, basi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Nasisitiza kusawazisha. Kuna mama anayeona vijiko 6 ni vichache, mtoto mgonjwa, kwa nini asimtilie 10? Kwa sababu sukari ikizidi ndani ya utumbo kuliko mlango unavyoweza kuipitisha kwa wakati huo, inageuka na kuyavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni, na mtoto anaharisha zaidi. Ndiyo maana soda na juisi tamu si dawa ya kuharisha. Chumvi nayo ikizidi ni hatari kwa ubongo wa mtoto. Hata wataalamu wenyewe mwaka 2002 walipunguza kipimo cha pakiti, sukari na chumvi, baada ya kuona kilichopungua kinafanya kazi vizuri zaidi. Sura Ar-Rahman tunaihifadhi watoto tangu chuoni, na mapema kabisa inataja mizani na kukataza kuipotosha. Tunaifikiria mizani ya muuza nyama. Mizani ya kijiko cha chumvi kwa mtoto anayeharisha tunaipotosha bila kujua.

Hapa kwetu jambo hili si hadithi ya mbali. Kiangazi kikikaza, vijijini Handeni watu na ng'ombe wanakunywa lambo moja. Mvua ikizidi, kwa wenzetu wa Korogwe mabondeni mto unaingia vyooni. Nawa mikono, chemsha maji, funika futari inayosubiri adhana.

Sasa mzee wangu wa kisukari. Kwako naandika kwa heshima, maana wewe ni baba yangu, lakini sitakuficha.

Mlango wako wa utumbo ni mzima. Sukari inaingia kama inavyoingia kwa mwingine yeyote. Kilichopungua ni insulini ya kuipokea, ndiyo maana inabaki kwenye damu na kuharibu macho, figo, mishipa ya miguu. Ukijidunga insulini halafu utumboni hakuna kitu kinachoingia, ile gramu 4 niliyoisema, kile kijiko kimoja, kinaweza kuporomoka. Mtu anatetemeka, anatokwa jasho jembamba, moyo unakwenda mbio, anaongea visivyoeleweka, anaanguka. Ukiacha sindano ili ufunge, inapanda na damu kugeuka sumu. Daktari aliyekukataza hakuwa anapunguza dini yako.

Sura Al-Baqara, aya za 184 na 185, ndizo hizo hizo zinazotufaradhishia saumu, na ndani yake mgonjwa na msafiri wametajwa wahesabu siku nyingine. Ruhusa haikuja baadaye kama kiraka. Imekuja pamoja na amri. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema, mwenye kuhofia kuangamia, kula kwake si ruhusa tena bali ni wajibu. Akifunga huku akijua anajiua, anapata dhambi. Haya ya kuwaonea aibu wajukuu, mzee wangu, ni haya ya kuwaonea watu. Kula chumbani kwako ukitaka, lakini ule.

Nawageukia na sisi tunaomzunguka. Jabir (r.a.) amesimulia, na imo kwa Abu Daud, habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni ruhusa, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipoambiwa alikasirika sana, akawatupia wao lawama ya kifo kile, kwa kuwa hawakuuliza wakati hawajui. Basi wewe unayemwambia jirani yako, "Kisukari ni cha watu wote, mbona fulani anafunga?" ujue umeingia kwenye kundi gani. Huyo fulani huenda anatumia kidonge kimoja na sukari yake imetulia na daktari wake kamruhusu. Wagonjwa hawafanani.

Aliyeruhusiwa na daktari kufunga, ayajue haya. Kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi. Sindano ya insulini haifunguzi, ndivyo lilivyoamua Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jiddah mwaka 1997 kuhusu sindano zisizo za lishe. Dripu ya glukosi inafunguza, kwa kuwa hiyo ni chakula kilichopitishwa njia ya mkato, kimeruka utumbo na kuingia moja kwa moja kwenye damu. Usijipangie dozi mwenyewe, nenda Magunga, hospitali ya wilaya au kituo kilicho karibu, wakupangie muda wa dawa. Na kipimo kikionyesha chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine nyingine), fungua hapo hapo, hata kama zimebaki dakika 20 kuadhiniwa. Vijiko vinne vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya robo saa. Kikipanda juu ya 16.6 (au 300) pia fungua, unywe maji, uende hospitali. Na mtu aliyeshapoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Mlango uko chini utumboni, hawezi kumeza akaufikia, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbizeni.

Asiyetarajiwa kupona kiasi cha kuweza kulipa, hana deni la siku. Anatoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mahali alipo kwa kila siku moja, kwetu huku mchele au mahindi, apewe maskini. Mwenye ugonjwa wa kupita, kama homa au huko kuharisha, atalipa siku zake baada ya mwezi, wala hatoi kibaba kwa sasa. Mzee, wanao wanaweza kukutolea kwa idhini yako, na kama nao hali ni ngumu njoo tuzungumze, Mola hamkalifishi mtu asichokiweza.

Keshokutwa Ijumaa, baada ya swala, muuguzi mmoja wa jamaa yetu atakaa kwenye baraza la msikiti kuonyesha namna ya kuchanganya ORS na namna ya kusoma kipimo cha sukari. Kina mama upande wenu mtapangiwa pia. Kila mmoja aje na chupa tupu ya lita moja na kijiko chake cha chai cha nyumbani, kile kile anachotumia, maana vijiko vyetu havilingani.

Kesho inshallah tutaangalia hukumu za mama anayenyonyesha. Maswali yatumwe kabla ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.